Panga, Maji na Chumvi: Utangulizi wa Utunzaji wa Mapanga ya Helikopta za Kijeshi

Somo hili nalipenda, na ningefurahi ulipende nawe, hata kama hujawahi kuisogelea helikopta zaidi ya kuiona ikipita juu ya paa lenu. Huhitaji hesabu nyingi wala shahada ya uhandisi. Unahitaji macho, subira, na mkono usioona kinyaa kushika kitambaa na ndoo.

Kabla hatujaingia kwenye banda la ndege, tuanzie kwenye paa la nyumba. Ukipita Tanga, Bagamoyo, Malindi au mji wowote wa Pwani, inua macho uyatazame mabati ya zamani. Utaona kwamba bati haliliwi na kutu kila mahali kwa wakati mmoja. Kutu inaanzia kwenye matundu ya misumari, kwenye kingo zilizokatwa kwa mkasi, na pale bati moja linapolalia jingine. Katikati ya bati, pale panapoloa mvua na kukaushwa na jua, huenda pangali pazuri. Kwa nini? Lishike swali hilo. Ukilijibu sawasawa utakuwa umeelewa nusu ya kazi ya fundi anayelinda mapanga ya helikopta yenye thamani ya mamilioni ya shilingi.

Neno “kutu” tunalitumia mno kwa ile rangi ya udongo mwekundu inayoota juu ya chuma. Wanasayansi wana neno pana zaidi, ulikaji, yaani metali yoyote kuliwa polepole na mazingira yake mpaka irudie hali ya madini yasiyo na nguvu. Chuma kikiliwa hutoa unga mwekundu. Shaba hutoa ukoga wa kijani. Alumini, ambayo ndiyo metali kuu ya ndege, hutoa unga mweupe unaofanana na chokaa au chumvi iliyokaukia kwenye sufuria. Hapa ndipo wageni wengi wa fani hii wanapopotea: wanatafuta wekundu, hawauoni, wanasema panga ni zima. Nitaendelea kusema “kutu” kwa sababu ndilo neno la mafundi, lakini tangu sasa ukilisoma, uone pia weupe.

Sasa, metali inaliwaje? Ulikaji ni umeme mdogo. Metali mbili zinapogusana na kuloweshwa na maji yenye chumvi, mojawapo huanza kutoa elektroni, zile chembe ndogo kabisa zinazobeba umeme. Metali inayotoa elektroni huitwa anodi, nayo ndiyo inayoliwa. Inayopokea huitwa kathodi, nayo hubaki salama. Maji yenye chumvi yanayokamilisha njia ya umeme huitwa elektroliti. Kwa hiyo panahitajika vitu vinne: anodi, kathodi, mguso kati yake, na elektroliti. Ondoa kimoja tu, umeme unakatika na kutu inasimama. Kila ndoo ya maji, kila mkono wa rangi na kila tone la mafuta utakaloona katika kazi hii lipo kwa ajili ya kuondoa kimoja kati ya hivyo vinne.

Kisa kimoja cha baharini kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko kielelezo chochote cha darasani. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli yake HMS Alarm kwa mabamba ya shaba chini ya usawa wa maji, ili wadudu wa baharini wasile mbao. Mabamba yalipigiliwa kwa misumari ya chuma. Meli iliporudi na kukaguliwa mwaka 1763, mabamba mengi yalikuwa yamelegea kwa sababu misumari ilikuwa imeliwa mno. Hata hivyo misumari kadhaa ilikuwa bado mizima. Walipotazama kwa makini wakaona kwamba pale karatasi ya kufungia mabamba ilikuwa imesahauliwa, ikibaki katikati ya shaba na chuma, msumari ulipona. Karatasi tu! Bahari ilikuwa ile ile, metali zile zile, ila mguso ulikuwa umekatwa. Leo fundi wa ndege akiweka wosha ya plastiki au gundi maalumu kati ya boliti ya chuma na bamba la alumini, anafanya kazi ya ile karatasi.

Bati lako nalo ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma, kwa hiyo hukubali kuliwa ili chuma kipone. Inapokwisha, na huisha mapema pale palipokwanguliwa au panapobaki na unyevu, chuma hubaki peke yake. Pale bati linapolalia jingine maji huingia lakini jua haliingii. Chumvi hubaki mle, unyevu hubaki mle, na kutu hupata nyumba. Basi jibu la swali langu la mwanzo ni hili: kutu hupenda mahali palipojeruhiwa na mahali pasipokauka. Sasa tulichukue jibu hilo twende nalo kwenye panga.

Wengi wetu tunaiita sehemu ile inayozunguka “pangaboi”, na kila mkono wake “panga”. Majina hayo yanafaa kabisa. Fundi hugawa panga sehemu chache: shina, linaposhikwa na kitovu cha pangaboi, ncha, upande wa mwisho, makali ya mbele, yanayopasua hewa, na makali ya nyuma, membamba kama ukingo wa jani la mgomba. Ndani yake, kutoka shina hadi ncha, hupita boriti, ambayo ndiyo uti wa mgongo unaobeba mzigo wote. Nyuma ya boriti pamejazwa kitu chepesi chenye vyumba vingi vya pembe sita, nasi tunakiita sega la nyuki. Juu yake huja ngozi, bamba jembamba lililobandikwa kwa gundi. Utashangaa ukilijua hili mara ya kwanza: sehemu kubwa ya panga imeshikwa kwa gundi, si kwa misumari.

Tuchukue helikopta mbili. Ya kwanza ni Mi-17 ya Kirusi, ambayo watu wa Entebbe, Goma na Nairobi wameiona mara nyingi, katika rangi za majeshi au katika rangi nyeupe ya Umoja wa Mataifa. Ina mapanga matano, na pangaboi lake lina kipenyo cha mita 21 na sentimita 29. Boriti ya kila panga ni ya alumini, na sega lake ni la karatasi ya alumini. Ya pili ni Black Hawk ya Marekani, iliyoingia jeshini mwaka 1979. Katika toleo lake la kwanza, UH-60A, boriti ni ya titani, metali nyepesi yenye nguvu ambayo kutu haiiwezi kirahisi. Ngozi ni ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, na sega si la metali. Kitu kilichotengenezwa kwa nyuzi na rezini hivyo huitwa kompoziti.

Pangaboi la Mi-17 huzunguka mara 192 kwa dakika. Piga hesabu utaona kwamba ncha ya panga hukata hewa kwa mwendo wa karibu kilomita 770 kwa saa, hata helikopta ikiwa imesimama tuli juu ya uwanja. Kani ya kutupa nje, ile inayokubana ubavuni basi linapokata kona kwa kasi, katika ncha hiyo ni zaidi ya mara 400 ya uzito wa kawaida. Kijiko kimoja cha chai cha maji, gramu 5, kikibaki ndani ya ncha, huvuta kama mzigo wa zaidi ya kilo 2. Ndiyo maana mapanga huwa na vitundu vidogo vya kutolea maji karibu na ncha, na ndiyo maana kitundu kilichozibwa na tope au rangi ni kosa kubwa ingawa hakina ukubwa wa punje ya mchele. Maji hayo hayaishii kuozesha sega kwa ndani. Huyumbisha mizani ya pangaboi zima, na rubani husikia mtikisiko mikononi mwake.

Huenda unajiuliza: alumini si ndiyo tunayotengenezea masufuria kwa sababu haishiki kutu? Swali zuri, na jibu lake ni moyo wa somo. Alumini tupu hujivika yenyewe utando mwembamba mno wa oksidi mara tu inapoguswa na hewa, na utando huo ndio ngao yake. Lakini alumini tupu ni laini. Ili ibebe mzigo wa ndege huchanganywa na metali nyingine, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Aloi mashuhuri ya ndege, 2024, ina shaba ya asilimia 4 hivi. Shaba huipa nguvu, lakini sasa umeiweka HMS Alarm nzima ndani ya bamba moja: chembe za shaba huwa kathodi, alumini inayozizunguka huwa anodi. Kilichobaki ni elektroliti tu.

Elektroliti haikosekani. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na helikopta inayoruka chini juu ya mawimbi hujipaka ukungu wa chumvi kila dakika. Kloraidi, ile sehemu ya chumvi iliyo kali zaidi kwa alumini, hutoboa utando wa oksidi katika vidoa vidogo. Kidoa kikishafunguka huwa kishimo, na ndani ya kishimo maji hugeuka asidi, asidi hula zaidi, kishimo hushuka chini. Hii huitwa kutu ya vishimo. Kwa juu unaona nukta nyeupe kama ncha ya kalamu. Kwa chini panaweza kuwa na pango.

Wala usidhani kwamba mbali na bahari uko salama. Goma iko kilomita nyingi kutoka Pwani, lakini mlima Nyiragongo hutoa gesi za salfa ambazo zikikutana na mvua huwa asidi, na wenye nyumba za mabati mjini humo wanalijua hilo kwa hasara. Moshi wa injini ya helikopta yenyewe nao huacha masizi yenye salfa juu ya sehemu zilizo karibu na bomba la kutolea moshi. Na kinyesi cha kunguru na ndege hai wengine wanaolala juu ya panga usiku hula rangi kwa kasi ya ajabu. Kifute siku hiyo hiyo.

Sasa niseme kwa nini kishimo kidogo kinatisha. Panga hupinda na kunyooka katika kila mzunguko, maelfu ya mara kwa saa. Ukichukua waya ukaukunja huku na huku mahali pamoja, mwisho unakatika ingawa hukutumia nguvu kubwa. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Juu ya bamba lililo laini, uchovu huchukua muda mrefu kuanza. Penye kishimo cha kutu haungoji, kwa kuwa umeshapata pa kushikia, na kutoka hapo ufa hutembea. Tarehe 10 Julai 2017 ndege ya usafirishaji KC-130T ya kikosi cha Marini cha Marekani ilivunjika angani juu ya jimbo la Mississippi na watu wote 16 waliokuwamo walikufa. Ilikuwa ndege ya rafadha, yaani ya mapanga yanayozunguka mbele ya injini, wala si helikopta, lakini panga ni panga. Uchunguzi ulionyesha kwamba panga moja la rafadha lilichomoka na kupasua mwili wa ndege, na kwamba ufa ulianzia kwenye kutu ya vishimo ambayo haikuondolewa panga hilo lilipofanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2011. Miaka sita kutu ilikuwa mle ikifanya kazi yake. Ninapofundisha, kisa hiki nakieleza taratibu, kisha nanyamaza kidogo.

Kutu ina mshirika wake, na huwezi kumwelewa mmoja bila mwingine. Ni msuguo wa mchanga na mvua. Makali ya mbele, hasa karibu na ncha, hupokea kila chembe iliyo hewani kwa mwendo ule wa kilomita mia saba na zaidi kwa saa, kwa hiyo watengenezaji huyavika ukanda wa metali ngumu, kama chuma kisichoshika kutu, titani au nikeli. Helikopta inapotua jangwani usiku, mchanga hukwangua kanda hizo, na vumbi la metali lililokwanguliwa huwaka hewani. Pangaboi zima huonekana limevikwa duara la cheche za dhahabu. Mwaka 2009 mwandishi na mpiga picha wa Marekani, Michael Yon, alilipa duara hilo jina la askari wawili waliopoteza maisha kwa vita vya Afghanistan, Benjamin Kopp wa Marekani na Joseph Etchells wa Uingereza. Picha hizo ni nzuri mno kuzitazama. Fundi akiziona, anaona metali yake ikiondoka.

Na hapa kuna fumbo ambalo limewasumbua wahandisi kwa miongo mingi. Metali ngumu hustahimili matone ya mvua vizuri lakini mchanga huikwangua. Utepe wa plastiki laini, ule uitwao poliyurethani, hufanya kinyume chake: punje ya mchanga hudunda juu yake kama mpira, lakini tone la mvua huupasua. Kwa hiyo kikosi kinachotoka jangwani kwenda nchi ya mvua lazima kifikiri upya kuhusu makali yake ya mbele. Rangi ikishakwanguliwa, au ukingo wa utepe ukishainuka, panga limejeruhiwa. Maji yanaingia pasipokauka. Umelikumbuka bati?

Baada ya misingi hiyo, kuosha hakutakuonekania tena kazi ya kupewa kijana mgeni kwa sababu hana la kufanya. Mtu anayeosha panga ndiye pekee anayeligusa lote, kutoka shina hadi ncha, juu na chini. Rubani hulitazama kwa mbali, mkaguzi hutazama sehemu zilizoandikwa kwenye orodha yake. Mwoshaji huona kila sentimita, na vidole vyake huhisi kisichoonekana. Nilikuwa siku moja kwenye banda la ndege karibu na bahari, kijana akiosha panga kwa kitambaa laini. Akasimama ghafla, akarudisha kidole gumba nyuma, akapapasa tena. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, “Mwalimu, hapa pana kipele.” Tulimulika tochi kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya ngozi ya panga, na kweli: uvimbe wa rangi usiozidi punje ya mtama. Tulipoufungua kwa uangalifu, chini yake palikuwa na unga mweupe. Mwanga wa mchana usingekionyesha kipele kile hata saa nzima.

Basi namna ya kuosha. Subiri panga lipoe, na ikiwezekana fanya kazi asubuhi au kivulini, kwa maana juu ya metali yenye moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza, na sabuni iliyokauka ni uchafu mwingine. Funika matundu yote ambayo kitabu cha mtengenezaji kimesema yafunikwe. Panda kwenye jukwaa. Usiegemee makali ya nyuma hata kidogo, kwa sababu sega lililo ndani hubonyea na halirudi. Lowesha kwanza kwa maji safi ili chumvi iliyo juu iyeyuke na kuondoka, maana ukianza kusugua mara moja unasugua kwa mchanga. Kisha paka sabuni maalumu ya ndege iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa, uende kutoka shina kuelekea ncha, kwa kitambaa au brashi laini. Suuza. Suuza tena. Fungua vitundu vya kutolea maji, hakikisha vinatoa. Kausha kwa kitambaa, hasa kwenye maungio na pembeni ya utepe.

Hapo kuna mitego ambayo lazima nikuonye. Sabuni ya kufulia haifai, kwa kuwa nyingi ni kali kwa upande wa magadi, na magadi makali huyeyusha alumini. Jiki ni mbaya zaidi, kwa sababu ya klorini yake. Mashine ya presha ya kuoshea magari husukuma maji chini ya gundi na kuyafikisha kwenye beringi ambako hayatatoka. Waya wa kusugulia sufuria huacha vipande vya chuma ndani ya alumini laini, na kila kipande ni betri ndogo uliyoipanda kwa mkono wako mwenyewe. Nao mtego wa Pwani ninaoulaumu kuliko yote ni maji ya kisima yenye chumvichumvi. Ukisuuza panga kwa maji hayo umelirudisha baharini. Yaonje kwanza, na vizuri zaidi yapime.

Baada ya kukauka, yapo mafuta maalumu ya kufukuza maji na kuacha utando mwembamba juu ya metali iliyo wazi, boliti na maungio ya shina. Aina moja mashuhuri ya mafuta ya kufukuza maji, WD-40, ilibuniwa Marekani mwaka 1953, ikatumiwa kulinda ngozi ya roketi za Atlas dhidi ya kutu, na tarakimu 40 ni hesabu ya jaribio lililofaulu. Lakini umaarufu wa kopo si ruhusa ya kulitumia. Baadhi ya helikopta zina beringi za mpira kwenye kitovu, na mafuta au kiyeyushi huulainisha mpira huo mpaka uharibike. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachosema mafuta gani na yaishie wapi.

Baada ya kuosha tunasikiliza. Mnunuzi wa tikiti maji sokoni huligonga kwa kidole kabla ya kutoa pesa, na fundi wa mapanga hufanya vivyo hivyo kwa sarafu au kinyundo chepesi. Pale ngozi iliposhikana vizuri na sega, sauti ni kali na safi. Pale gundi ilipoachia au maji yalipoingia, sauti hudidimia, huwa butu, kama unagonga karatasi ngumu iliyoloa. Usitafute sauti fulani iliyoandikwa mahali, tafuta badiliko. Gonga kwa hatua fupi, nguvu ile ile, na zungushia kalamu laini mahali sauti inapobadilika. Ukaguzi mkubwa hutumia vyombo vya mawimbi ya sauti na eksirei, lakini sikio lililozoea bado lina kazi yake.

Boriti, kwa kuwa imefichika, ina mlinzi wake wa pekee, na kila ninapomweleza nafurahi upya. Watengenezaji waliijaza boriti gesi yenye shinikizo na kuifunga, wakaweka kipimo kidogo kwenye shina. Katika Mi-17 ni hewa, na shinikizo likishuka kofia nyekundu huchomoza. Katika Black Hawk ya UH-60A ni naitrojeni, na kipimo chake nacho huonyesha rangi nyekundu. Ufa mwembamba kuliko unywele unatosha kuvujisha gesi, na nyekundu hutokea kabla jicho halijaona kitu. Wageni hudhani kipimo hicho kinatosha peke yake. Hakitoshi. Kinalinda boriti tu, wala hakijui habari za ngozi, sega wala makali ya nyuma.

Na kompoziti je, si haina kutu? Nyuzi na rezini haziliwi na kutu, kweli. Lakini panga la kompoziti bado lina ukanda wa metali mbele, boliti kwenye shina, vipande vya metali vya kusawazishia uzito kwenye ncha, na gundi kila mahali. Maji huidhoofisha gundi. Na nyuzi za kaboni, tofauti na za kioo, hupitisha umeme, na zikigusana na alumini huwa kathodi kali sana. Shaba ya HMS Alarm imerudi kwa sura mpya.

Ukikuta kutu, kwanza ipime kabla ya kuigusa: urefu, upana, na umbali kutoka shina. Kila panga lina mipaka iliyoandikwa ya kina cha metali kinachoruhusiwa kuondolewa, na mipaka hiyo si sawa kati ya shina, katikati na ncha. Ndani ya mipaka, kutu huondolewa kwa msasa laini unaoruhusiwa, kwa mwelekeo wa urefu wa panga, mpaka ibaki metali safi na shimo lenye kingo zilizolainishwa kama sahani, lisiwe na kona ya kuanzishia ufa. Kisha hupakwa dawa ya kemikali inayoacha utando wa rangi ya dhahabu, halafu praima, yaani rangi ya msingi, halafu rangi ya juu. Praima na dawa nyingi za jadi zina kromati, nayo husababisha saratani. Vaa barakoa inayofaa na glavu, usipulize vumbi la msasa kwa mdomo, na usimruhusu mtu yeyote akuharakishe katika hili. Nje ya mipaka, panga linavuliwa na kurudishwa kiwandani. Nawe usiongeze rangi kwa kupenda uzuri: rangi ina uzito, na sasa unajua gramu moja ya ncha inageuka nini.

Mwisho chukua daftari la helikopta uandike: panga namba ngapi, upande wa juu au wa chini, sentimita ngapi kutoka shina na ngapi kutoka makali ya mbele, ulichokiona, ulichokifanya, tarehe, jina lako. Andika kwa namna ambayo mtu asiyekujua, akija baada ya wiki mbili na kitambaa chake na tochi yake, ataweza kuweka kidole gumba pale pale ulipoweka chako.